Uainishaji wa Viumbe Hai na Vijiumbe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara wanafunzi wanapofika mada ya uainishaji, na mengine huulizwa na watu wazima walioliacha somo la baiolojia zamani. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu kuna maswali yanayokwisha kwa sentensi mbili na mengine kila ukiyafungua yanazaa mengine. Chini ya yote lipo swali moja ambalo uainishaji wa kisasa hauachi kuliuliza: nani ni ndugu wa nani? Mwanafunzi akilishika hilo, mambo mengi yaliyomchanganya hunyooka.

Kwa nini viumbe wanaainishwa?

Spishi zilizokwisha kuelezwa na kupewa majina ya kisayansi zinakaribia milioni 2, na wataalamu wanakubaliana kwamba ambazo bado hazijaelezwa ni nyingi zaidi. Hakuna kichwa kinachoweza kuzibeba moja moja. Ukijua kundi la kiumbe, unajua mambo yake mengi hata kabla hujamwona. Nikikutajia mnyama usiyemfahamu na kukwambia ni mamalia, papo hapo unajua ana uti wa mgongo, anapumua kwa mapafu, ana nywele walau chache, na jike wake hunyonyesha. Daktari naye hufaidika vivyo hivyo: akishajua kwamba ugonjwa umeletwa na bakteria, kirusi au kuvu, anajua ni dawa zipi hazina kazi hapo.

Ngazi za uainishaji ni zipi, na nitazikumbukaje?

Kutoka kundi kubwa kwenda dogo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Kwa mimea, vitabu vingi huandika divisheni mahali pa faila. Siku hizi juu ya himaya huwekwa domeni. Herufi za mwanzo hukumbukwa kwa urahisi kwa sentensi hii: *Halima, fagia nyumba, osha fulana, jaza sufuria.*

Mfuate simba uone ngazi zinavyofanya kazi. Himaya yake ni Animalia, faila Chordata, ngeli Mammalia, oda Carnivora, familia Felidae, jenasi *Panthera*, spishi *Panthera leo*. Chui ni *Panthera pardus*, kwa hiyo yeye na simba wako pamoja mpaka kwenye jenasi ndipo wanaachana. Paka wa nyumbani, *Felis catus*, yuko nao mpaka kwenye familia. Mbwa yuko nao mpaka kwenye oda tu. Kadiri viumbe wanavyochelewa kuachana, ndivyo undugu wao ulivyo wa karibu.

Je, ngeli ya baiolojia ina uhusiano na ngeli za nomino?

Ni neno lile lile, na kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa kuanzia somo hili. Tazama maneno *kiboko* na *kifaru*. Yanaanza na ki- kama *kiti* na *kisu*, na wingi wake ni viboko na vifaru. Lakini hakuna anayesema "kiboko kinakula majani". Tunasema kiboko *anakula*. Sura ya neno inakuelekeza KI-VI, mwenendo wake katika sentensi unakuelekeza A-WA, na msemaji wa Kiswahili hudanganyika kwa sura mara chache sana. Mtaalamu wa uainishaji hufanya kazi ya namna hiyo. Sura ya nje ni dalili, na dalili inaweza kupotosha, ndiyo maana anatazama pia mifupa, seli, namna kiumbe anavyokua tangu akiwa kiinitete, na siku hizi zaidi ya yote, DNA, kemikali inayobeba maelezo ya urithi ndani ya seli.

Basi nyangumi si samaki, na popo si ndege?

Wote wawili ni mamalia. Nyangumi anapumua kwa mapafu, ananyonyesha, na mkia wake hupiga juu na chini, wakati wa samaki hupiga kushoto na kulia. Ndugu yake wa karibu zaidi kati ya wanyama wa nchi kavu walio hai ni kiboko yule yule tuliyemtaja. Bawa la popo nalo ni mkono: ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu. Bawa la ndege limeundwa kwa namna nyingine kabisa. Kwa wawili hawa, kuruka kulianza mara mbili, katika koo mbili.

Buibui, nge na kupe ni wadudu?

Katika mazungumzo ya kila siku, ndiyo. Katika baiolojia, hapana. Neno *mdudu* tumelitwisha mzigo mkubwa mno: linabeba nzi, buibui, jongoo, funza, na hata vimelea vya magonjwa visivyoonekana. Mdudu wa kibaiolojia ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu (kichwa, kifua na tumbo) na jozi moja ya vipapasio. Buibui, nge na kupe wana miguu minane na hawana vipapasio, kwa hiyo wamo katika ngeli ya Arachnida. Jongoo na tandu wana kundi lao. Wote hao wanakutana juu kidogo, katika faila ya Arthropoda, yaani wanyama wenye miguu ya viungo na gamba gumu la nje. Mnyoo na konokono hawamo hata humo.

Kwenye mtihani hesabu miguu kwanza. Lakini kumbuka kwamba kiwavi ni mdudu mchanga, na ile "miguu" minene ya tumboni mwake si miguu halisi. Miguu halisi ni sita ya mbele, nyuma tu ya kichwa.

Kwa nini majina ya Kilatini? Hatuwezi kutumia ya kwetu?

Ya kwetu tunayatumia na tuendelee kuyatumia. Tatizo ni kwamba jina la kawaida hubadilika kutoka lugha hadi lugha, na hata ndani ya lugha moja. Wapo wanaomwita duma chui. Ukiandika *Acinonyx jubatus*, msomaji yeyote duniani anajua unamsema duma peke yake.

Mfumo wa majina mawili ulienezwa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Alichapisha toleo la kwanza la *Systema Naturae* mwaka 1735. Majina rasmi ya mimea huhesabiwa kuanzia kitabu chake cha 1753, na ya wanyama kuanzia toleo la kumi la *Systema Naturae*, la 1758. Kabla yake, mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mtaalamu akiwa na sentensi yake.

Kanuni za kuandika ni chache, na wanafunzi wengi hupoteza alama hapa bila sababu. Neno la kwanza ni jenasi na huanza kwa herufi kubwa. La pili huandikwa kwa herufi ndogo daima. Yote mawili huwa katika italiki, na ukiandika kwa mkono, kila neno lipigie mstari wake. *Homo Sapiens* ni kosa; *Homo sapiens* ndiyo sahihi. Ukishaandika jina kamili mara moja, unaweza kufupisha jenasi: *Escherichia coli*, kisha *E. coli*.

Himaya ni ngapi hasa? Kitabu changu kinasema tano, cha mwenzangu kinasema sita, na mwalimu anataja domeni tatu.

Hakuna kati yenu aliyekosea. Mmeshika vitabu vilivyofuata hatua tofauti za safari moja.

Linnaeus aligawa viumbe hai katika himaya mbili, mimea na wanyama. Mpango huo ulitosha kwa viumbe wanaoonekana kwa macho. Hadubini zilipoboreka, walionekana viumbe wa seli moja ambao wanaogelea kama wanyama huku wakijitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Yuglena ndiye mfano unaotajwa na kila kitabu, na kwa haki. Mwaka 1866 Ernst Haeckel wa Ujerumani akapendekeza himaya ya tatu, Protista. Mwaka 1969 Robert Whittaker wa Marekani akaweka himaya tano: Monera (viumbe ambao seli zao hazina kiini), Protista, Fungi (kuvu), Plantae (mimea) na Animalia (wanyama). Mpango huu ndio uliotawala vitabu vya shule kwa muda mrefu, kwa sababu unaeleweka: unaanza kwa kuuliza kama seli ina kiini, kisha kama mwili ni wa seli moja au nyingi, kisha kiumbe anapataje chakula.

Mshtuko ukaja mwaka 1977. Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA, kemikali ya jamii ya DNA, ya ribosomu za vijiumbe mbalimbali. Ribosomu ni kiwanda cha protini, kila seli inayo, na sehemu zake hubadilika polepole sana kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo inafaa kupimia undugu wa mbali. Waligundua kwamba baadhi ya viumbe waliokuwa wakiitwa bakteria hawako karibu na bakteria wengine hata kidogo. Kwa hadubini wanafanana; kwa nasaba wametengana tangu zamani mno. Leo tunawaita arkea. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakapendekeza domeni tatu: Bakteria, Arkea na Eukarya, yaani viumbe ambao seli zao zina kiini. Sisi, uyoga, mwani na amiba wote tumo katika hiyo ya tatu.

Vitabu vyenye himaya sita vimechukua zile tano na kuigawa Monera mara mbili, bakteria upande mmoja na arkea upande mwingine. Na Protista wenyewe ni kapu la waliokosa pa kuwekwa: amiba ana undugu wa karibu zaidi na mnyama kuliko alionao na yuglena. Kwa mtihani, fuata muhtasari wa somo lako. Kwa kuelewa, fuata swali la undugu.

Uyoga ni mmea?

Hapana. Uyoga, ukungu wa juu ya chakula kilichochacha, na hamira ni kuvu. Kuvu hazina klorofili, hazitengenezi chakula chao. Ukuta wa seli zao ni wa kitini, kemikali ile ile iliyomo katika gamba la mdudu, wakati ukuta wa seli ya mmea ni wa selulosi. Akiba yao ya wanga ni glikojeni kama iliyo kwenye ini lako, na si wanga wa mimea. DNA imethibitisha kile ambacho kemikali hizo zilidokeza: kuvu ni ndugu zetu wa karibu kuliko walivyo ndugu wa mimea. Namna yao ya kula pia ni ya pekee. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili, chakula kikameng'enywa huko huko, kisha hufyonza.

Na mwani?

Inategemea mwani upi. Ule wa kijani una undugu na mimea. Ule wa kahawia uko katika tawi jingine kabisa. Na unaoitwa mwani wa bluu-kijani ni bakteria, sayanobakteria.

"Vijiumbe" ni kundi la uainishaji?

Si kundi la undugu. Ni neno la ukubwa: kiumbe yeyote asiyeonekana bila hadubini. Ndani yake wamo bakteria, arkea, protista wengi, kuvu ndogo kama hamira, na kwa mazoea huongezwa virusi. Kuwaita wote "vijidudu" kunasaidia unapomhimiza mtoto kunawa mikono, lakini kunakwamisha unapotaka kuelewa ugonjwa na dawa yake.

Tofauti kubwa kati ya bakteria na kirusi ni ipi?

Anza na ukubwa. Gawanya milimita moja mara elfu: kila kipande ni mikromita. Bakteria *E. coli* ana urefu wa mikromita 2 hivi. Kirusi cha homa ya mafua kina mikromita 0.1. Sasa vikuze vyote mara milioni. Bakteria atakuwa na kimo cha mlango, mita 2. Kirusi kitakuwa na sentimita 10, kitatosha kwenye kiganja. Chembe nyekundu ya damu itakuwa sahani yenye upana wa mita 7 au 8, na unywele mmoja wa kichwani utakuwa na unene wa makumi ya mita.

Ila tofauti ya maana zaidi ni ya ndani. Bakteria ni seli kamili. Ana utando, ana DNA, ana ribosomu, na kwa kawaida ana ukuta. Anakula, anatoa taka, anagawanyika mwenyewe. Anachokosa ni kiini cha seli: DNA yake imelala wazi ndani ya seli, ndiyo maana anaitwa prokarioti. Kirusi si seli. Ni kipande cha DNA au RNA kilichofungwa ndani ya ganda la protini, baadhi vikiwa na utando wa mafuta juu yake. Hakina ribosomu, hakili chochote. Kikiingia katika seli ya kiumbe mwingine, huiteka mitambo yake na kuifanya itengeneze virusi vipya.

Je, kirusi ni kiumbe hai?

Pima kwa sifa saba: lishe, upumuaji, ukuaji, uzazi, kujongea, kuhisi, kutoa takamwili. Nje ya seli, kirusi hakina hata moja. Mwaka 1935 Wendell Stanley alifanikiwa kukigeuza kirusi cha ugonjwa wa tumbaku kuwa fuwele, kama chumvi, na fuwele hizo zilipowekwa kwenye mmea ziliuambukiza. Jiwe halifanyi hivyo, na kiumbe hai hageuki fuwele akabaki salama. Hata hivyo virusi vina jeni, vinabadilika kwa vizazi, na uteuzi wa asili unavifanyia kazi. Mimi huwafundisha wanafunzi waviweke mpakani na waweze kutetea pande zote mbili, kwa sababu mtihani hupenda hoja. Lugha yetu nayo iko mpakani hapo: wengi husema bakteria *wanazaliana*, lakini virusi *vinaenea*.

Kwa nini antibayotiki haiponyi mafua?

Kwa sababu haina cha kushika. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, huzuia bakteria asijenge ukuta wake, akikua, anapasuka. Nyingine hukwamisha ribosomu za bakteria. Kirusi hakina ukuta wala ribosomu. Mafua husababishwa na virusi, kwa hiyo kidonge hicho hupita bila kukidhuru kirusi, na njiani huua bakteria wema wa tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu. Hapa ndipo uainishaji unapotoka darasani na kuingia mwilini mwa mtu. Fleming mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dozi pungufu zitafundisha bakteria kustahimili dawa, na ndivyo ilivyotokea.

Malaria husababishwa na bakteria au virusi?

Si bakteria, si kirusi, na si mbu. Mbu jike wa jenasi *Anopheles* ni mbebaji. Anayeleta ugonjwa ni *Plasmodium*, protista wa seli moja mwenye kiini kamili cha seli. Alphonse Laveran alimwona katika damu ya mgonjwa mwaka 1880, na mwaka 1897 Ronald Ross akamkuta ndani ya mbu. Malale pia huletwa na protista, akibebwa na mbung'o. Kipindupindu na kifua kikuu ni bakteria. Surua na UKIMWI ni virusi. Choa ni kuvu. Minyoo ni wanyama, ingawa mayai yao hutafutwa kwa hadubini.

Bakteria wote ni wabaya?

Wachache sana ndio wabaya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na seli za mwili wenyewe, na wengi wao wako kwenye utumbo mpana. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa hewani. Bakteria wa jenasi *Rhizobium*, waishio katika vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde, huigeuza iwe lishe. Ng'oa mmea wa jamii hiyo taratibu utaviona vinundu kwa macho, na ukipasua kilicho hai ndani yake ni chekundu au waridi. Ni onyesho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji chombo chochote.

Sayanobakteria nao ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Tena mitokondria, zinazotoa nishati ndani ya seli zako, zilitokana na bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani na wakabaki humo. Lynn Margulis alilitetea wazo hilo mwaka 1967 wakati wengi walilikataa. Mitokondria bado zina DNA yao ya duara na ribosomu zao.

Nani aliwaona vijiumbe kwanza?

Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo na hakujua Kilatini. Alisaga lenzi ndogo kwa mikono yake, nzuri kuliko za wasomi wa wakati wake, na mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, kuhusu viumbe wadogo mno aliowaona katika maji. Mwaka 1683 aliwaeleza waliokuwa kwenye utando wa meno yake. Ilipita karibu karne mbili kabla Louis Pasteur na Robert Koch hawajaonyesha kwamba viumbe hao huleta magonjwa. Koch alimtangaza bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882.

Hadubini ya shule inaweza kunionyesha virusi?

Hapana. Mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi, hata lenzi iwe nzuri kiasi gani. Virusi vinahitaji hadubini ya elektroni. Kwa hadubini ya shule utaona protista vizuri, hamira vizuri, na bakteria kama vidoa ukiwatia rangi.

Bakteria wanaongezeka kwa kasi gani?

*E. coli* katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja akianza, baada ya saa 7 amegawanyika mara 21, na hesabu imefika 2,097,152. Hawajai dunia kwa sababu chakula huisha na taka zao huwasumbua wenyewe.

Ufunguo wa utambuzi unatumikaje?

Ni mlolongo wa hatua, kila hatua ikiwa na kauli mbili zinazopingana. Unachagua moja inayomfaa kiumbe uliye naye, nayo inakupeleka mbele. Huu ni wa viumbe watano:

1a. Ana uti wa mgongo: nenda 2.
1b. Hana uti wa mgongo: nenda 3.
2a. Hutaga mayai: njiwa.
2b. Huzaa na kunyonyesha: popo.
3a. Ana miguu yenye viungo: nenda 4.
3b. Hana miguu yenye viungo: konokono.
4a. Ana miguu sita: kipepeo.
4b. Ana miguu minane: buibui.

Viumbe watano, hatua nne. Daima hatua huwa pungufu kwa moja. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni kutumia "mkubwa" na "mdogo". Mkubwa kuliko nani? Tumia sifa inayohesabika au ambayo ipo au haipo. Na epuka rangi pale ambapo dume na jike hutofautiana, la sivyo ufunguo wako utawapeleka mke na mume kwenye spishi mbili.